Bunduki ya Bei Nafuu Isigeuke Hasara kwa Wananchi

Mahindi yanapoanza kutoa ndevu katika tambarare ya Bendera, wilayani Same, wakulima walio wengi huyaacha majumba yao na kwenda kulala mashambani. Huko huwasha mioto, hupiga madebe, humulika tochi, na kukesha wakisikiliza mlio wa tawi linalovunjika. Nyuma yao iko milima ya Upare Kusini. Mbele yao iko nyika inayoungana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na kuendelea, bila uzio wala bahari ya kuigawa, mpaka Tsavo Magharibi nchini Kenya. Mkomazi ilikuwa Pori la Akiba tangu mwaka 1951, na ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Tembo wa huko hawajui mwaka 1951 wala mwaka 2008. Mvua ikinyesha huja, majani yakikauka huondoka, na njiani hula walichopandiwa.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Katika wilaya hii hii, kwenye barabara itokayo Mkomazi kwenda Same, kuna mahali panapoitwa Kisiwani, ingawa bahari iko mbali. Basi hata sisi wa bara tunavyo visiwa vyetu. Na shamba la ekari mbili lililozungukwa na nyika ya tembo ni kisiwa kweli kweli, na mwenye shamba hilo usiku ni mtu wa kisiwani asiye na mtumbwi.

Katika vikao vya vijiji na vya kata suala moja huzuka kila msimu, nalo ni suala la bunduki. Askari wa wanyamapori ni wachache, na silaha walizo nazo ni za umri mkubwa. Panapotajwa fedha za kununulia nyingine, pande mbili hutokea. Upande mmoja husema inunuliwe iliyo rahisi kuliko zote, maana fedha ni za wananchi. Upande wa pili husema inunuliwe iliyo kubwa kuliko zote, maana tembo ni mkubwa. Safu hii inaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba makosa haya yana gharama ambayo hailipwi na mnunuzi, bali hulipwa na mkulima.

Tuanze na aina yenyewe. Bunduki inayofaa kazi hii ni ile ya komeo, yaani ile ambayo mpigaji huivuta komeo kwa mkono wake, akaondoa ganda tupu, akaisukuma tena na kuingiza risasi mpya. Wako vijana waliopita mafunzo ya mgambo ambao huidharau, wakisema ni silaha ya babu zao. Hawakukosea kuhusu babu zao. Mwezi Novemba mwaka 1914, Waingereza walipoteremsha jeshi lao Tanga, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye kutumia baruti nyeusi ambayo kila ilipolipuka ilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali mpigaji alipolala. Hata hivyo waliwashinda wavamizi, wakajiokotea bunduki za kisasa pamoja na risasi zipatazo laki sita. Mwaka 1916 vita hivyo vilishuka na reli ya Tanga kupita chini ya milima yetu hii, na bunduki ya Kiingereza ya .303, ambayo nayo ni ya komeo, ikabaki katika Afrika ya Mashariki kwa miongo mingi baadaye.

Lakini komeo haikudumu zaidi ya miaka mia moja kwa sababu ya mazoea tu. Ina viungo vichache. Inapofungwa hujifunga imara nyuma ya risasi, kila mara mahali pale pale, na usawa huo ndio mama wa shabaha. Vumbi la Mkomazi likiingia, askari anaweza kuitoa komeo kwa mkono, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha. Tena inamlazimisha mpigaji kufikiri kabla ya risasi ya pili. Bunduki inayojipakia yenyewe humshawishi mwenye hofu kumwaga risasi zote. Na usiku, katikati ya mashamba yenye vibanda vilivyolaliwa na watoto, risasi zilizomwagwa ni hatari kuliko tembo.

Sasa tuje kwenye bei. Iko dhana kwamba bunduki yenye shabaha ni lazima iwe ya kifahari. Zamani dhana hiyo ilikuwa na ukweli. Bunduki za komeo zilizotengenezwa London na mafundi kama Rigby zilikuwa, na hadi leo ni, vitu vya matajiri. Bei ya moja yaweza kujenga nyumba ya matofali kijijini. Lakini kiwanda kimegeuza mambo. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ya Marekani ilitoa bunduki yake ya namba 110, ambayo kasiba yake hufungwa kwa nati kubwa. Nati hiyo humwezesha fundi kuipima nafasi ya risasi kwa usahihi bila kuchonga chuma kwa saa nyingi. Ni jambo dogo la karakana, lakini lilishusha gharama bila kushusha shabaha. Baadaye walifuata wengi: Howa ya Japani, Tikka ya Ufini, Ruger ya Marekani. Leo bunduki ya bei nafuu kutoka viwanda vya namna hiyo, ikipewa risasi nzuri, huweza kuweka risasi tatu ndani ya duara la sentimita 3 hivi kwa umbali wa mita 100. Kwa babu zetu hicho kingekuwa kiinimacho.

Hata hivyo bunduki hizo nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa ajili ya paa na swala, si kwa ajili ya tembo wala nyati. Kwa wanyama wakubwa wenye hatari, kipimo kinachotajwa katika nchi nyingi za Afrika kuwa ndicho cha chini ni .375, ambacho risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19 na ushei, ilhali ile ya .303 haifiki gramu 12. Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, maana viwanda vinavyotengeneza bunduki ya komeo ya kipimo hicho kwa bei ya watu wa kawaida ni vichache. Brno ya Wachekoslovakia, namba 602, ilijijengea jina kubwa katika Afrika kwa ugumu wake, na mdogo wake, CZ 550, alirithi sifa hiyo. Zastava ya Serbia hutengeneza yake kwa mfano wa Mauser ya 1898, na huuzwa kwa bei ya chini kuliko nyingi. Si nzuri kwa macho. Ubao wake ni wa kawaida na komeo yake mpya hukwaruza mpaka izoee. Lakini hatununui mapambo ya sebuleni.

Iwapo itanunuliwa iliyokwisha kutumika, kama inavyotokea mara nyingi fedha zikiwa haba, mnunuzi asivutiwe na mng'aro wa nje. Kwanza aitazame kasiba kwa ndani dhidi ya mwanga: ile mifereji inayoizungusha risasi ionekane wazi, isiwe imelika wala kuota kutu kama sufuria iliyosahaulika. Kisha autazame mdomo wa kasiba, kwani pengo dogo pale, hata la kugonga jiwe mara moja, huisukuma kila risasi upande. Aitikise darubini kwa mkono. Ikicheza, hata kiasi cha unywele, hapana shabaha. Na auchunguze ubao. Ubao wa mti hunyonya unyevu wa masika, ukavimba, ukaigusa kasiba, na bunduki iliyolenga vyema mwezi Januari ikawa inapiga pembeni mwezi Aprili. Fundi wa seremala mwenye akili aweza kuuponya ugonjwa huu kwa tupa na msasa. Kasiba iliyolika haina dawa.

Kuhusu darubini tunasema kwa kifupi. Wanunuzi wetu hupenda zile zenye kukuza mara nyingi. Kwa ulinzi wa mashamba ni upotevu; tembo haonwi kwa kukuzwa, ila kwa mwanga. Bora darubini ndogo iliyoshikwa na vyuma imara kuliko kubwa iliyofungwa kwa skrubu za kubahatisha.

Mimi mwenyewe nimeshuhudia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Lilikuwa kundi la tembo saba, usiku, katika mahindi yaliyobakiza wiki mbili kuvunwa. Askari aliyefika alikuwa kijana mwenye moyo, na bunduki yake ilikuwa ya komeo, ya kipimo kinachokubalika. Ofisi iliyomkabidhi sitaitaja. Alikuwa na risasi sita, za maboksi matatu mbalimbali, nyingine zikiwa na kutu ya kijani kwenye ganda. Alijaribu kwanza kuwafukuza kwa kelele na mwanga. Dume moja lilimgeukia. Alipovuta kifyatulio pakasikika mlio mkavu wa chuma tu. Akaivuta komeo, akaingiza ya pili, ikalia, na tembo akapigwa mahali ambapo hapakuwa pake. Tulimsikia akipiga kelele akielekea korongoni. Kwa siku tatu hakuna mwanamke aliyethubutu kwenda kuchota maji upande ule, na watoto hawakwenda shule. Nilimwuliza kijana yule, baada ya hofu kutulia, ni lini mara ya mwisho alipiga shabaha katika mazoezi. Alinyamaza, kisha akaniambia, "Mzee, tangu nitoke chuoni sijafyatua risasi ya kujifunza hata moja. Risasi zinahesabiwa."

Risasi zinahesabiwa! Hakika ni lazima zihesabiwe, kwa kuwa ni amana. Lakini anayehesabu akumbuke kuhesabu pia risasi zilizokosa.

Jirani zetu wa Tsavo wana kisa cha zamani kinachofanana na hiki. Mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, simba wawili waliwala wafanyakazi mpaka kazi ikasimama. Mhandisi Patterson, aliyewaua mwezi Desemba mwaka huo, aliwahi kukutana uso kwa uso na mmojawapo akiwa ameiacha bunduki yake ya .303 na kuchukua nyingine kubwa aliyoazimwa na rafiki, akiamini kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Ilipohitajika iligoma. Simba akaenda zake, ingawa aliuawa usiku ule ule aliporudi. Bunduki uliyoizoea na kuijaribu, hata ikiwa ndogo, ni bora kuliko kubwa usiyoijua.

Na yuko mwingine, Mskochi Bell, aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya ishirini. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya Mauser ya milimita 7, kipimo ambacho leo hakuna mtu mwenye akili atakayekiruhusu kwa tembo. Hatumtaji ili kumsifu. Pembe zile zilikwenda Ulaya, na Karamoja haikupata kitu. Tunamtaja kwa sababu aliyasoma mafuvu ya tembo, akajua ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, na akafanya mazoezi ya mkono kila siku hata bila risasi. Wale wanaodai bunduki kubwa kuliko zote wangemtazama Bell. Bunduki kubwa mno humpiga teke mwenyewe. Na mpigaji anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua.

Kwa hiyo basi, fedha zikiwa kidogo, ziende wapi? Rai yetu ni kwamba zisiende zote kwenye chuma. Halmashauri yenye fedha za bunduki tatu na inunue mbili za kipimo kimoja, ili risasi ziwe za aina moja na vipuri vya aina moja, na fedha za ile ya tatu zinunue risasi. Tena inunuliwe bunduki moja ndogo ya .22, ambayo risasi yake ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, na bei yake hailingani hata kidogo na bei ya risasi ya .375. Kwa hiyo ndogo askari watajifunza kupumua, kushika, kulenga na kuvuta kifyatulio bila kushtuka. Kwa ile kubwa watathibitisha mara chache tu, lakini kwa utaratibu, kila robo mwaka, na kabla ya msimu wa mahindi bila kukosa. Risasi za mazoezi na risasi za kazi zitoke boksi moja. Darubini isipojaribiwa kwa risasi zile zile zitakazotumika usiku, ni kana kwamba haikujaribiwa.

Watakuwapo watakaosema: kwa nini kada wa Chama anawafundisha watu mambo ya bunduki, badala ya kuhubiri amani na wanyama? Jibu ni kwamba hatusemi bunduki ienee. Nchi hii imekwisha kuona silaha zikizagaa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizopotea njiani ziliingia mikononi mwa majangili na wezi wa ng'ombe, na ikachukua miaka mingi kuzitafuta. Mwaka 1989 ikabidi Serikali ifanye Operesheni Uhai ili kuwaokoa tembo waliobaki. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, ambayo ilisitishwa kwa sababu baadhi ya waliopewa silaha kuwalinda wanyama waliwatendea wananchi unyama. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015 ni kali, na tunasema iendelee kuwa kali. Mwananchi anayetaka bunduki apite kwenye Serikali ya kijiji na kamati za ulinzi na usalama mpaka Polisi, na akikataliwa akubali. Gobore lililofichwa darini si ulinzi. Ni maafa yanayosubiri mtoto wa nyumba alikute.

Hapa tunawageukia tena ndugu zetu wa Unguja, maana wao wana ushahidi ambao bara haina. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara. Watu walimwogopa na kumhusisha na uchawi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni, ikiongozwa na mganga Kitanzi, ya kuwaondoa wachawi na chui kwa pamoja, na wasasi wakaendelea kuwaua kwa miaka iliyofuata. Kufikia miaka ya tisini wataalamu walikuwa wakiamini kwamba chui yule amekwisha. Mwaka 2018 ikasemwa kwamba kamera moja imemwona, na mabishano hayajamalizika. Silaha ikiongozwa na hofu haichagui. Ndiyo maana sisi wa Bendera, ambao tuna kila sababu ya kumchukia tembo, tunadai shabaha wala hatudai ruhusa ya kuua.

Na tukubali kwamba usiku mwingi bunduki haihitajiki kabisa. Pilipili iliyochanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba humkera tembo. Mabomu baridi na tochi kali humrudisha. Kule Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, kwa ushauri wa mtafiti Lucy King. Tembo akigusa waya, nyuki hutoka, naye hukimbia, na mkulima hupata asali. Wapare tunajua kufuga nyuki tangu zamani, na hatuoni sababu ya kungoja wafadhili ndipo tutundike mizinga. Bunduki ni ya mwisho, kwa yule dume mmoja asiyeogopa kitu, au kwa tembo aliyekwisha kumwua mtu. Kwa kuwa ni ya mwisho, haina nafasi ya kukosea.

Maofisa wetu wanaopanga bajeti wakumbuke hesabu moja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa na mnyama mkali, na kifuta jasho cha mazao kisichozidi shilingi laki moja kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano. Fedha hizo huchelewa, na zikija hazimrudishi mtu. Boksi chache za risasi za mazoezi kwa mwaka si mzigo mbele ya hesabu hiyo.

Tunapendekeza kwamba kabla ya msimu ujao, Ofisa Wanyamapori wa Wilaya awaite askari wote wanaotumwa tarafa hii mahali pa wazi palipo salama, bunduki zote zijaribiwe mbele ya Kamati ya Ulinzi na Usalama, na kila iliyoshindwa kuweka risasi tatu ndani ya sahani ya chai kwa mita 50 ipelekwe kwa fundi siku ile ile. Matokeo yaandikwe, pamoja na idadi ya risasi ambazo kila askari amefyatua mazoezini mwaka mzima, na orodha hiyo isomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji kama yanavyosomwa mapato na matumizi.